Chumba cha Fulana Zisizofuliwa

Mtaa mzima ulimwita Mheshimiwa Spika, ingawa bungeni hakuwahi kufika hata getini. Kazi yake ilikuwa vipaza sauti. Kila uchaguzi wa rais ulipokaribia, yeye ndiye aliyepanda nguzo, miti na mapaa ya malori kufunga zile pembe kubwa za bati zinazopeleka maneno ya mgombea mpaka kwa mgonjwa aliyejilalia kwake hataki kusikia kitu. Chama tawala kilimwita. Wapinzani walimwita. Hata wale wagombea wanaopata kura za ukoo wao tu, na si ukoo wote, walimwita. Wote aliwafungia nyaya zilezile, na maikrofoni zao wote alizijaribu kwa kuzipuliza mara mbili, kwa sababu aliona kuhesabu moja mbili tatu ni mambo ya wanagenzi.

"Na wewe mwenzetu, kura yako unampa nani?" watu walimuuliza akiwa juu ya ngazi.

"Mimi nampigia umeme usikatike," aliwajibu, na watu wakacheka wakaacha kumchimba.

Watu wengi wanaujua mkutano wa kampeni ukiwa umejaa. Wachache wanaujua ukiwa umeisha. Vumbi linatua polepole kama nalo limechoka kushangilia. Chini kuna kandambili za mguu mmoja (huwa ni za mguu mmoja siku zote, na hakuna anayejua ule wa pili huwa unakwenda wapi), kuna chupa, filimbi zilizokanyagwa, na sura ya mgombea mara mia tano, nyingine ikitazama mbingu, nyingine imelala kifudifudi. Katika uwanja huo anabaki mtu mmoja tu, fundi wa vipaza sauti, akikunja nyaya zake kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko, kiganjani mpaka kwenye kiwiko.

Akimaliza waya wa mwisho, Mheshimiwa Spika aliinama akaokota kitu kimoja. Mkutano mmoja, kitu kimoja. Fulana, kofia, skafu, kipande cha kitenge, beji, bendera, chochote kile, mradi kiwe kimetoka chini. Makatibu wa vyama walikuwa wakimpa fulana mpya kutoka kwenye maboksi, zikiwa bado zinanukia rangi. Aliwashukuru akawapa wapita njia.

"Hiyo haijahudhuria mkutano," alisema.

Na kitu kikishaokotwa hakikufuliwa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake ya pili, na ndiyo iliyoleta kasheshe nyumbani, maana mke wake alikuwa dobi.

Si dobi wa kubahatisha. Huyu mama alifua mashuka ya nyumba ya wageni, makoti ya wauguzi na magauni ya maharusi kwa miaka arobaini. Kutu aliitoa kwa ndimu na chumvi. Mafuta aliyanyonya kwa poda. Damu aliilowesha kwenye maji baridi, na alimgombeza mtu yeyote aliyethubutu kutaja maji ya moto. Mtaani walisema yule mama ukimwendea vibaya anaweza kukufua mpaka dhambi. Halafu mwanamke huyo, hatua kumi na mbili kutoka kwenye kamba zake za kuanikia, alikuwa na chumba cha uani kilichojaa nguo chafu za chaguzi nane za urais, nacho kimefungwa kufuli.

"Baba watoto, nipe hizo nguo siku moja tu," alikuwa akimwambia.

"Kwani zina nini?"

"Zina nini! Zina matope ya nchi nzima! Wateja wangu wakijua dobi analala jirani na takataka kama ile, nitauweka wapi uso wangu?"

"Waambie ni za wateja waliosahau kuja kuchukua."

"Haya. Siku utakayousahau huo ufunguo ndipo utakaponitambua."

Ufunguo aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Alilala nao, alioga nao. Walikuwa wakitaniana hivyo mwaka nenda mwaka rudi, na binti yao, mwalimu wa chekechea aliyekuwa akiishi nao, aliujua utani huo wote kwa moyo, kila mtu na zamu yake ya kusema.

Kitu ambacho mkewe hakukijua, kwa sababu hakuwahi kuruhusiwa kukaa mle ndani hata robo saa, ni kwamba yale matope yalikuwa yanasomeka. Mheshimiwa Spika hakuandika tarehe popote. Hakuwa na daftari. Alitazama doa. Fulana nyeupe ya mgombea wa chama cha Ndoo ilikuwa na alama za tairi mgongoni, na tairi lenyewe ni la lori la mgombea huyohuyo, lililorudi nyuma kwa haraka umati ulipoanza kuzomea. Kofia ya kijani ilikuwa imechuruzika wino mpaka ukingoni, kwa hiyo ni ya ule mkutano ulionyeshewa na hakuna aliyeondoka. Kwenye kitenge kimoja mtoto alikuwa amecheua maziwa kidevuni pa mgombea, yakakauka, na yule mheshimiwa aliyekuwa hana hata unywele mmoja akabaki na ndevu nyeupe kama nabii. Na kulikuwa na bendera ya uchaguzi wake wa kwanza kabisa, ya chama cha Ngazi. Katikati yake kulikuwa na wayo wa mtoto mdogo, wa udongo mwekundu, vidole vitano vimetimia, kile kidogo kama punje. Ukiuona ule wayo ilikuwa vigumu usinyooshe kidole chako kuupima. Mwenye mguu ule sasa angekuwa mtu mzima, pengine mwenye watoto, na hakujua kwamba alikuwa amepiga kura mapema kuliko wote.

Miezi miwili kabla ya mambo haya kuharibika, alikuja dada mmoja kutoka jumba la makumbusho. Habari alizipata kwa dereva wa malori ya kampeni. Mke alikuwa ametoka kupeleka mashuka. Mheshimiwa Spika alivua ufunguo, akafungua, akamwonyesha kimoja kimoja, na yule dada aliyekuja na haraka zake alisahau kabisa kwamba alikuwa na haraka.

"Mzee," alisema akiwa mbele ya bendera, mikono ameiweka nyuma kama mwanafunzi aliyeambiwa asiguse. "Fulana mpya za kampeni tunazo ghalani kwetu, tumeletewa na vyama vyenyewe. Hizi hapa ndizo hatuna. Hizi zina watu."

"Sasa utazichukua, mwanangu?"

"Nitarudi na maboksi na karatasi maalumu. Mzee wangu, nakuomba kitu kimoja. Usifue. Usipige pasi. Hata vumbi usikung'ute."

Mheshimiwa Spika alicheka mpaka akashika mlango. "Hilo ungekuja kumwambia mke wangu miaka thelathini iliyopita."

Hakumwambia mkewe siku hiyo. Alitaka kungoja Jumapili, siku ambayo mama alikuwa hafui, amekaa ametulia, ili apate kuuona vizuri uso wake atakaposikia kwamba zile takataka zinakwenda kuwekwa nyuma ya vioo. Alijiandalia hata maneno. Ijumaa asubuhi, akinawa uso bombani, mguu wa kulia ulimkana. Alianguka na kopo mkononi.

Kiharusi kilichukua upande wote wa kulia, na kilichukua maneno. Si kwamba hayakuwepo. Kichwani yalikuwepo, yamepangana vilevile, na utani wake wote. Yalikosa mlango tu. Alipofungua kinywa kilitoka kivumo, kama spika ambayo waya wake mmoja umelegea. Ajabu ni kwamba yeye alikisikia kivumo hicho kwa masikio ya fundi, akajua kabisa ni tatizo la waya, na hakuwa na ngazi ya kupandia kwenda kuukaza.

Halafu kulikuwa na machozi. Daktari aliwaita mke na binti pembeni akawaeleza kwa upole: "Atakuwa analia ovyo. Msishtuke. Si huzuni, ni ugonjwa wenyewe." Na ilikuwa kweli. Alilia akisikia taarifa ya habari. Alilia paka akipita ukutani. Alilia kwa tangazo la sabuni redioni. Mwanzoni mke wake alilia naye. Baada ya wiki tatu alikuwa anapita na kitambaa, anamfuta huku anaendelea kuongea na mteja, kama mtu anayefuta meza.

Siku ya Jumanne, saa mbili asubuhi, simu ya binti ililia. Baba alikuwa ameshatolewa uani kwenye kiti chake cha magurudumu, kwenye kivuli cha ukuta, kikombe cha plastiki kwenye mkono wa kushoto, ambao ndio pekee uliokuwa unamsikiliza.

"Mama," binti alitoka akisema, macho yamemtoka. "Ni watu wa makumbusho. Wanasema Baba aliwaahidi vile vitu vya chumbani. Alhamisi wanakuja kuvichukua."

"Vitu gani? Yale matambara?"

"Ndiyo, mama. Vikawekwe kwenye vioo. Watu walipe kiingilio wavitazame."

Mama alivuta beseni, akaligeuza, akalikalia. Alimtazama mumewe kwa muda mrefu. "Kumbe," alisema. "Kumbe ulikuwa na maana yako, na mimi nilikuwa nakucheka." Mheshimiwa Spika alifurahi, na machozi yakamtoka, na safari hii yalikuwa machozi ya kweli, lakini ungeyatofautishaje? Alikuwa ameupata ule uso aliokuwa ameupangia Jumapili ile isiyofika. Ulikuwa mzuri kuliko alivyoufikiria.

Halafu mama alisimama akajifunga kitambaa kichwani. "Alhamisi! Na leo ni Jumanne! Lete ndoo zote."

"Mama, labda tungeviacha tu kama vilivyo, wao wenyewe..."

"Umelelewa na nani wewe? Nguo itoke kwangu, kwa dobi, ikatazamwe na nchi nzima ikiwa na matope? Watasema mume kaugua mke kakata tamaa. Lete ndoo!"

Alimwendea mumewe, akainama, akamvua kamba ya kiatu shingoni. Aliivua kwa upole sana, akiinua sikio moja kisha jingine ili isimkwaruze. "Nakufanyia hii kwa moyo mmoja, baba watoto," alimwambia. "Hutaaibika."

Mheshimiwa Spika alipaza kivumo chake mpaka shingo ikasimama mishipa.

"Najua, najua," alisema mke. "Na mimi nimefurahi."

Walitoa vyote. Beji, filimbi na kalenda za karatasi binti alizifuta kwa kitambaa kikavu akaziweka kando. Nguo zilikwenda chini, karibu na bomba, milima mitatu: nyeupe, za rangi, na zile zinazochuja. Mama alianza na nyeupe. Maji ya kwanza yalitoka mekundu, na Mheshimiwa Spika akajua ni uwanja gani. Ya pili yakatoka meusi ya majivu, na hapo napo alijua: lile eneo la soko lililoungua, mgombea akasimama juu ya vyuma vya mabanda kuahidi soko jipya. Yakamwagwa. Yalipita mbele ya magurudumu ya kiti chake yakaingia mtaroni. Fulana ya tairi ilisuguliwa kwa brashi, mistari ya tairi ikafifia kidogo, mama akaongeza sabuni ya unga, akajikaza, mistari ikaondoka.

Kinyozi wa jirani aliingia na mfuko wake wa vifaa. Alikuwa anakuja kila Jumanne kumnyoa ndevu rafiki yake, akimsimulia umbea wa mtaa mzima bila kungoja majibu.

"Duh! Mheshimiwa, leo bunge limehamia uani," alisema akitazama ule mlima wa sura za wagombea. "Naona hata wapinzani wamekaa pamoja na serikali kwenye beseni moja."

Mheshimiwa Spika alimshika kinyozi ukosi wa shati. Kwa mkono wa kushoto, kwa nguvu zote, akamvuta, akamtolea macho kuelekea bombani.

"Taratibu, nina wembe mimi!" Kinyozi alitazama bombani, akamtazama tena rafiki yake. "Mama," akasema, "au mzee hataki zifuliwe?"

Mama alisimamisha mikono ndani ya povu. Akageuka. "Baba watoto," aliuliza. "Hutaki?"

Ulikuwa mlango, na ulikuwa wazi. Mheshimiwa Spika alikusanya kila alichobakiwa nacho akakisukuma kuuelekea. Kikatoka kivumo. Na nyuma ya kivumo, kama kawaida yake, machozi, mengi, mpaka kwenye ndevu zilizokuwa hazijanyolewa.

Mama alitikisa kichwa polepole. "Unaona. Anafanya hivihivi hata akimwona paka."

"Kweli," kinyozi alikubali, akaanza kumpaka povu mashavuni. "Wiki iliyopita alilia nilipomtajia bei ya sukari. Lakini hapo hata mimi nililia."

Wote walicheka, na vicheko vyao havikuwa na ubaya wowote.

Alikirusha kikombe. Kiligonga ndoo, binti akakiokota akakijaza maji akidhani baba ana kiu. Alipiga mkono wa kiti, pa, pa, pa, mpaka binti akapata wazo. Alikimbilia ndani akarudi na kile kibao cha kuandikia cha watoto wake wa chekechea, akamwekea mapajani, akamtia chaki kwenye vidole.

"Andika, Baba. Polepole. Unataka nini?"

Alitaka kuandika neno moja tu: USIFUE. Herufi alizijua. Alikuwa anaziona. Zilipoteremka mpaka kwenye bega la kushoto zikatawanyika kama watu waliorushiwa bomu la machozi, kila moja njia yake. Chaki ilikwenda juu, ikashuka, ikapanda, ikavuta mstari mrefu uliopinda, ikavunjika.

Binti aliinamisha kichwa upande huu na upande ule. "Mlima?"

Mama alikuja akikausha mikono kwenye gauni, akakitazama kibao, na uso wake ukachanua. "Mlima wapi! Si kamba ile ya nguo? Tazama ilivyolegea katikati. Anasema nianike vizuri zisiburuzike chini. Usiwe na wasiwasi, mume wangu, nitaweka nguzo ya pili."

Akaenda kweli akaweka nguzo ya pili.

Bendera ilifuliwa mwisho, kwa sababu ilikuwa kuukuu na mama alitaka kuifua peke yake, kwa mkono, kama kitu cha mtoto mchanga. Aliifunua juu ya mapaja yake. Aliuona ule wayo. Kwa kitambo kidogo kidole chake cha shahada, kilichokunjamana kwa maji, kilikaa juu ya kile kidole kidogo kama punje, na Mheshimiwa Spika akaacha kupumua.

"Jamani, kamguu," alisema mama.

Kisha akaupaka ule wayo sabuni.

"Hili tope lilivyokaa miaka yote, nilidhani litanisumbua," alimwita binti kumwonyesha. "Tazama! Dakika mbili! Udongo mwekundu unataka maji ya vuguvugu tu na subira." Alikuwa amelowa mpaka kifuani, mgongo unamuuma, na alikuwa na furaha ambayo nyumba hiyo haikuwa imeiona tangu ile Ijumaa ya bombani. Aliinua bendera juani. Ilikuwa safi kiasi kwamba mwanga ulipita.

Mheshimiwa Spika alifumba macho. Hilo liliwezekana bila msaada wa mtu.

Alhamisi yule dada wa makumbusho alifika na dereva na maboksi bapa ya kijivu. Alipomwona mzee kwenye kiti cha magurudumu alishtuka, maana hakuwa amejua. Alipiga magoti akamshika mkono. "Pole sana, mzee wangu. Pole mno." Kisha akavaa glavu nyeupe na kuuliza, "Tuanze na chumbani?"

"Hakuna haja ya kuhangaika chumbani, mwanangu," alisema mama. "Kila kitu kipo hapa."

Alivuta shuka. Juu ya meza ya sebuleni, zimepangwa kwa rangi, zimepigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukata, zilikaa fulana, skafu, vitenge, kofia zilizotiwa wanga zikasimama zenyewe. Nyeupe zilikuwa na ule weupe wa buluu unaoumiza macho. Mgombea asiye na nywele alikuwa amenyolewa ndevu. Chumba kizima kilinukia sabuni.

Dada wa makumbusho alisimama. Alitazama meza, akamtazama mzee, na machoni mwa mzee aliona, yeye peke yake katika nyumba ile, kila kitu. Akaanza kuvua glavu, kidole kimoja kimoja, taratibu, kama mtu ambaye hataki glavu zimalizike.

"Kuna nini, mwanangu?" mama aliuliza. "Pasi imeunguza mahali?"

"Hapana, mama. Kazi yako ni nzuri. Sijawahi kuona kazi kama hii."

"Ila?"

Dada angeweza kudanganya, lakini maboksi yalikuwa matupu na dereva alikuwa anasubiri. "Mama, nilichokuwa nimefuata ni yale madoa."

"Madoa?"

"Ndiyo, mama. Nilimwambia mzee yasiguswe. Nadhani hakuwahi kukwambia."

Hakuna aliyepiga kelele. Mama aliigusa fulana ya juu akainyoosha mahali ambapo hapakuwa na kunyanzi. Akainyoosha tena. Alimgeukia mumewe, na ikawa anamwona yule mtu wa Jumanne: mkono uliopiga kiti, kikombe, kibao cha chaki. Midomo yake ilicheza bila sauti, kama ya mumewe. Dobi aliyesifiwa kwamba hakuna doa linaloweza kumshinda hakuwa na dawa yoyote, ndani ya nyumba wala dukani, ya kurudisha hata moja.

Binti alianza kulia. Dada wa makumbusho alisema atachukua beji na karatasi, hizo bado ni nzima, na alisema kwa haraka, kama anayefunga mlango ili asione ndani.

"Ngoja," alisema mama.

Aliingia chumbani kwao, akainua godoro, akarudi na fulana ya njano imekunjwa ndogo kama leso. Uso ulikuwa umemwiva. "Hii ilinishinda," alisema. "Nililowesha mara nne. Nikaificha. Dobi hamwonyeshi mtu nguo iliyomshinda."

Aliifungua. Kifuani, juu kidogo ya jina la chama, kulikuwa na doa kubwa la rangi ya kahawia iliyokolea, limetiririka kwa njia tatu mpaka kwenye pindo.

Dada wa makumbusho alizirudisha glavu vidoleni. Aliibeba fulana kwa mikono miwili mpaka dirishani. "Mungu wangu," alinong'ona. "Hii ni damu?"

Mheshimiwa Spika aliitazama fulana ile, na akili yake, nzima kabisa, ikamletea habari zake zote. Ilitoka kwenye mkutano uliochosha kuliko yote maishani mwake. Walikuja watu kumi na mmoja, mgombea akasema kwa robo saa, akaomba radhi, akaondoka. Na lile doa halikupatikana hata huko. Lilikuwa dawa ya kikohozi. Mke wake alimpa kijiko kizima cha ile ya chupa nyeusi, chungu kama nyongo, akakaa palepale kumsimamia mpaka aimeze, naye akaibana mdomoni, akatembea nayo mpaka chumba cha uani, akaitema kwenye nguo iliyokuwa karibu. Siku tatu mfululizo, kisha nguo yenyewe akaisukuma nyuma ya zote. Mkewe aliambiwa imemsaidia sana.

"Ni damu," alisema mama. Alisema kwa sauti ya mtu anayeshika ukingo wa kitu ili asizame. "Bila shaka ni damu. Damu iliyozoeana na kitambaa huwa haitoki. Na hii mwenyewe alikuwa anaitunza mno. Aliiweka ndani kabisa, peke yake, nyuma ya zote."

"Ni ya mkutano gani, mama? Ulikuwa na vurugu?"

"Vurugu! Mwanangu, vurugu zilikuwepo. Alikuwa anarudi hapa amechoka, haongei."

Dada alitoa kadi na kalamu, akaanza kuandika. Binti alimwinamia baba yake. "Baba? Ni kweli? Ni damu ya mtu?"

Kivumo kilitoka, kikubwa, na machozi yakaja nyuma yake, yakashuka mashavuni, yakafika shingoni pale palipokuwa na ufunguo. Wote watatu walimtazama. Hakuna aliyechukua kitambaa. Hakuna aliyesema paka.

"Mnaona?" mama alisema polepole. "Anaikumbuka siku ile."

"Pole, mzee," alisema dada wa makumbusho, na macho yake nayo yalikuwa yamelowa. "Tutaitunza. Nakuahidi, itakaa peke yake kwenye kioo chake."

Aliikunja ndani ya karatasi maalumu, akaiweka kwenye boksi la kijivu, akafunga. Dereva akalibeba kwa uangalifu, kama anayebeba maiti ya mtoto. Mheshimiwa Spika alitaka kupiga mkono wa kiti. Alimtazama mkewe kwanza. Rangi ilikuwa imeanza kumrudia usoni, kidogo, ukingoni mwa macho, na alikuwa amepiga magoti mbele yake kwenye sakafu aliyoipiga deki mwenyewe alfajiri, akimwambia kwa sauti ya chini, tena na tena, kwamba angalau hiyo imepona, baba watoto, angalau hiyo moja imepona. Alikuwa na mkono mmoja tu unaofanya kazi, na huo mke wake alikuwa ameushika kwa mikono yake yote miwili.